Foleni Isiyomjali Aliyetangulia

Kuna foleni za aina nyingi katika nchi hii, na Mkenya amezizoea zote. Kuna foleni ya benki, foleni ya kupiga kura, foleni ya basari katika afisi ya chifu na foleni ya matatu jioni ya mwisho wa mwezi. Zote zina kanuni moja ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza, na anayemruka mwenzake ama ni mkora ama ana mkubwa anayemjua. Ipo foleni moja tu isiyofuata kanuni hiyo, na pengine ndiyo sababu inazua ugomvi mwingi kuliko nyingine zote. Hiyo ni foleni ya idara ya dharura hospitalini.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi idara hiyo inavyoendeshwa, hususan wakati wa janga la maradhi, na kutoa hoja moja. Kazi ya kwanza ya idara ya dharura ni kupembua wagonjwa, na upembuzi huo hutegemea maneno kabla haujategemea mashine. Umma usipoyaelewa maneno hayo, upembuzi huonekana upendeleo, na karantini huonekana jela. Huenda msomaji akashangaa mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya tiba. Ni kweli kwamba udaktari wangu ni wa lugha, na hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa kutajiwa ngeli za nomino. Hata hivyo, mgonjwa hufika langoni akiwa na maneno yake, naye muuguzi humpokea kwa maswali. Hapo ndipo taaluma yangu inapopata kazi.

Nichukue mfano wa Kariandusi, katika Kaunti ya Nakuru. Wanafunzi wa historia wanapajua mahali hapa kwa shoka za mawe zilizofukuliwa na Louis Leakey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Wanafunzi wa jiografia wanapajua kwa mwamba mweupe unaochimbwa huko, diatomaiti, uliotokana na mabaki ya mimea midogo mno ya majini, ambao husagwa na kutumiwa kuchujia vinywaji. Lakini mwenyeji wa Kariandusi anapajua zaidi kwa barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Nakuru, na mbele yake Malaba na Busia. Usiku na mchana malori yanapita hapo kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo. Ajali ikitokea, au mzee akibanwa na pumzi usiku wa manane, safari ni ama kurudi Gilgil ama kusonga mbele hadi Nakuru, takriban kilomita 30. Chombo cha safari mara nyingi si ambulansi, bali ni bodaboda, au pikapu ya jirani ambayo asubuhi ilibeba viazi.

Mgonjwa huyo anapofika langoni, anakuta wengine wameketi kwenye mabenchi tangu saa kumi za jioni. Wapo waliokatwa na panga, wapo wenye watoto wanaoharisha, wapo waliokuja kwa sababu kliniki ya mchana ilikuwa imefungwa. Wamesema Kigikuyu, Kikalenjin, Kiturkana, Kimaasai na Kiluo njiani, lakini langoni wote wanategemea Kiswahili. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kazi hiyo wataalamu wanaiita kwa neno la Kifaransa, triage, lenye asili katika kitenzi kinachomaanisha kuchagua au kutenganisha. Kabla halijaingia hospitalini, neno hilo lilitumiwa na wafanyabiashara wa sufu, na baadaye wa kahawa, waliokuwa wakitenga daraja moja ya bidhaa na nyingine. Wazo la kulitumia katika tiba huhusishwa na Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ambaye alishikilia kwamba majeruhi wa vitani watibiwe kwa uzito wa majeraha yao pasi na kujali cheo wala taifa. Tafakari, msomaji, jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni wakati huo: askari wa kawaida aliyepasuka tumbo kutangulizwa mbele ya jenerali aliyevunjika kidole.

Kiswahili hakihitaji kukopa hapa. Tuna neno kupembua, ambalo kila mtu aliyekulia karibu na ungo analielewa. Mama anapopembua mchele hachukui punje iliyo juu kwa kuwa imetangulia kuonekana. Anatikisa ungo mpaka kila kitu kikae mahali pake, chenga huku na mchele huku. Neno upembuzi tayari linatumika katika uchumi na mipango, na sioni sababu ya kulinyima hospitali.

Upembuzi una vipimo vyake, haufanywi kwa kubahatisha. Utaratibu mmoja unaojulikana sana barani mwetu ulibuniwa Afrika Kusini katika mwongo wa kwanza wa karne hii. Muuguzi huhesabu mara ngapi mgonjwa anapumua kwa dakika, hupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto la mwili, huangalia kama mgonjwa anatembea mwenyewe au amebebwa, na kama yuko macho, anaitika anaposemeshwa, anaitika kwa maumivu tu, au haitiki kabisa. Kutokana na hayo hupewa rangi. Mwenye rangi nyekundu anatakiwa kuonwa papo hapo. Wa rangi ya chungwa anaonwa chini ya dakika 10, wa manjano chini ya saa moja, na wa kijani anaweza kungoja hadi saa nne. Kwa hiyo yule aliyeketi tangu jioni na mkono uliofungwa kitambaa si kwamba amesahauliwa. Amepewa rangi ya kijani, na rangi ya kijani ni habari njema: maana yake ni kwamba hatazamiwi kufa leo.

Je, ni nani aliyewahi kumweleza hivyo? Aghalabu hakuna. Anachoona ni mgeni aliyefika saa tatu baadaye akipitishwa mlango wa ndani, na mara moja anakumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi. Anaamini hongo imetolewa. Sauti hupanda, muuguzi naye hujibu kwa ukali, na dakika tano za kuokoa mtu hupotea katika mabishano. Sisemi kwamba hongo haipo nchini. Nasema kwamba pale ambapo utaratibu haukuelezwa, mtu mwaminifu na mla rushwa huonekana sawa machoni pa anayengoja.

Hiyo ndiyo hali ya siku za kawaida. Sasa tutazame janga linabadilisha nini.

Kwanza, tutofautishe janga na ajali kubwa. Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100, na majeruhi walikimbizwa katika hospitali za eneo hilo, ile ya mkoa mjini Nakuru ikiwemo. Katika mkasa kama huo, mawimbi ya wagonjwa huja kwa ghafla, madaktari huitwa kutoka majumbani, na baada ya saa kadhaa mmiminiko hupungua. Zaidi ya hayo, aliyeungua hamwambukizi muuguzi wake. Janga la maradhi halina adabu hiyo. Wimbi lake hupanda polepole kwa majuma, hukaa juu, hushuka, kisha hurudi. Na wale wale wanaotakiwa kuokoa wenzao ndio wanaougua mwanzo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 11, 2020 kwamba Covid-19 ilikuwa imekuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye, Machi 13, Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza nchini Kenya. Walimu wanakumbuka vyema kilichofuata: shule zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Machi 27, 2020 kafyu ya usiku ilianza, na haikuondolewa hadi Oktoba 2021.

Katika idara ya dharura, badiliko la kwanza lilikuwa mlango. Siku za kawaida swali la upembuzi ni moja: huyu amezidiwa kiasi gani? Wakati wa janga huongezeka la pili, nalo linatakiwa kujibiwa kabla ya lile la kwanza: je, huyu anaweza kuwaambukiza wengine? Maswali mawili huzaa makundi manne. Yupo aliyezidiwa na anashukiwa kuwa na ugonjwa. Yupo aliyezidiwa kwa sababu nyingine, kama ajali au uzazi. Yupo anayeshukiwa lakini hajazidiwa. Na yupo ambaye hana dalili wala hajazidiwa. Makundi haya hayawezi kuketi kwenye benchi moja. Ndiyo maana hospitali nyingi zilisimamisha mahema nje ya lango, zikaweka mitungi ya maji na sabuni, na kumpima kila mtu joto kabla hajavuka kizingiti. Njia moja ikawa mbili: moja ya wanaoshukiwa na nyingine ya wengine. Madirisha yaliyokuwa yamefungwa miaka mingi yakafunguliwa, kwani hewa inayopita ni kinga isiyohitaji bajeti.

Badiliko la pili lilihusu pumzi. Ugonjwa huu ulikuwa na hila moja ambayo iliwashangaza hata madaktari waliobobea: mtu aliweza kuzungumza na hata kutumia simu yake huku oksijeni ndani ya damu ikiwa imeshuka mno. Kwa macho alionekana mzima. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kikawa na thamani kuliko vifaa vingi vikubwa. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye kipimo kilicho chini ya asilimia 90, au anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, alihesabiwa kuwa na hali mbaya. Katika Bonde la Ufa, ambako tunaishi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kipimo hicho huwa chini kidogo kuliko cha mtu wa Mombasa hata kwa mwenye afya, na mpimaji hana budi kulikumbuka hilo.

Tiba ya kwanza ya hali hiyo ilikuwa oksijeni. Watu wengi walizungumzia zile mashine za kusaidia kupumua, na ni kweli zilikuwa haba: hesabu za mwaka 2020 zilionyesha kwamba nchi nzima ilikuwa na vitanda vya wagonjwa mahututi mia tano na ushei tu. Lakini wengi waliookolewa waliokolewa na mtungi wa oksijeni, neli ya puani, na jambo rahisi la kulazwa kifudifudi ili mapafu yafunguke upande wa mgongoni. Mambo haya yanahitaji mtungi uliojaa na muuguzi wa kuangalia. Vyote viwili vilipungua pale vilipohitajika zaidi.

Badiliko la tatu halionekani na anayengoja nje. Idara ya dharura si mahali pa kukaa. Ni mahali pa kupita. Mgonjwa hutulizwa hapo, kisha hupelekwa wodini, katika chumba cha upasuaji, hospitali nyingine au nyumbani. Wodi zikijaa, hakuna anayetoka, na wanaoingia hawana pa kulala. Mwenyeji wa Kariandusi anaweza kutazama Ziwa Elmenteita chini yake akaelewa mara moja. Ziwa hilo hupokea maji ya vijito, lakini halina mto unaotoka. Mvua ikizidi, kimbilio la maji ni kando zake. Vivyo hivyo, idara ya dharura isiyokuwa na vitanda nyuma yake hufurika hadi kwenye veranda, na lawama humwangukia muuguzi wa langoni ambaye hana ufunguo wa wodi yoyote.

Nakuru iliyaona hayo waziwazi. Machi 26, 2021, katika wimbi la tatu, Rais Uhuru Kenyatta alizitaja kaunti tano kuwa eneo moja la maambukizi na kupiga marufuku safari za kuingia na kutoka humo: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzo wa Mei. Zile nne nyingine zinapakana na jiji kuu au ndizo jiji lenyewe. Kwa nini Nakuru? Sina haja ya kukisia sana. Barabara ile ninayoizungumzia ni sehemu ya jibu. Kinachopita barabarani hupita na watu, na kinachopita na watu hufika langoni mwa hospitali.

Sasa nirudi kwenye maneno, maana hapa ndipo ninapoona ufa ambao tusipouziba tutajenga ukuta.

Tuanze na swali la langoni: "Una homa?" Katika Kiswahili sanifu, homa ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Lakini mwulize mwananchi wa Gilgil au Nakuru ana maana gani anaposema "nina homa". Wengi watakwambia ni kutokwa na kamasi na kupiga chafya, yaani mafua. Kwa hiyo mgonjwa mwenye joto kali asiyekuwa na kamasi atajibu kwa moyo safi, "La, sina homa," na mwenye mafua ya kawaida atajibu "Ndiyo" na kuelekezwa kwenye hema la washukiwa. Neno moja, maana mbili, na watu wawili wamepita milango isiyo yao. Kipimajoto humsaidia muuguzi, ila kipimajoto hakiwezi kuuliza kuhusu jana usiku.

Neno la pili ni "kifua". Katika mazungumzo ya kila siku, "nina kifua" huweza kuwa kikohozi, maumivu ya mbavuni, pumu au kukosa pumzi. Kwa mpembuzi, hizo ni rangi tofauti kabisa. Swali bora si "Una kifua?" bali "Unaweza kusema sentensi nzima bila kutulia kuvuta pumzi?" Swali hilo halihitaji tafsiri wala mashine. Jibu lenyewe ni kipimo.

Neno la tatu ndilo linalonitisha kuliko yote. Jamaa wamemleta mgonjwa ambaye alikuwa akihangaika na kupiga kelele. Baada ya muda amenyamaza. Muuguzi akiuliza hali, wanajibu kwa furaha, "Sasa ametulia." Katika lugha yetu kutulia ni kupata nafuu. Katika idara ya dharura, mtu aliyekuwa akitapatapa kisha akanyamaza huenda anapoteza fahamu. Anayepiga kelele angalau ana pumzi ya kupigia kelele. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili ya kifo wakati mwingine ni ukimya. Kila familia ingalijua jambo hili moja tu, mpembuzi angekuwa na wasaidizi katika kila benchi.

Kuna pia maneno ya mabango. Katika hospitali kadhaa idara hii huitwa ya majeruhi. Majeruhi ni mtu mwenye jeraha. Mama asiyeweza kupumua hana jeraha, mwenye kifafa cha uzazi hana jeraha, wala aliyepooza upande mmoja wa mwili ghafla. Hao wote ni wa idara hii, na bango haliwaiti. Neno dharura ni pana na linafaa zaidi. Halafu kuna kile kilichoitwa wodi ya kutengwa. Katika jamii zetu kutengwa ni adhabu: anayetengwa ni mchawi, mwasi au aliyevunja mwiko. Je, tulishangaa watu walipokimbia? Tofauti na hayo, hebu tazama neno barakoa. Lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, lenye heshima yake. Lilipopewa kazi mpya mwaka 2020, halikuwa na doa, na likaenea hadi vijijini katika muda wa miezi michache. Tanzania nayo ilipata jina UVIKO-19, ufupisho wa Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Mifano hii inaonyesha kwamba lugha yetu haikosi maneno. Kinachokosekana ni watu wa kuyachagua mapema.

Hofu haikuletwa na maneno peke yake. Aprili 2020 watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini kama waliohukumiwa, na wengi waliowekwa humo walidaiwa gharama za malazi, mpaka serikali ilipokubali mwezi wa Mei kuzibeba. Mwananchi akiona karantini inatolewa kama kifungo, ana haki ya kudhani kwamba kukohoa mbele ya muuguzi ni kujishtaki. Matokeo yake ni kwamba alikaa nyumbani mwenye ugonjwa, na vilevile alikaa nyumbani asiyekuwa nao: mwenye kisukari, mwenye maumivu ya moyo, mama mjamzito. Ilibidi daktari mmoja, Jemimah Kariuki, aanzishe mpango wa kuwasafirisha bure kina mama waliopatwa na uchungu wakati wa kafyu, kwa kuwa usiku ulikuwa umefungwa nao watoto hawajui saa ya kafyu. Idara ya dharura iliyo tupu wakati wa janga si lazima iwe ishara ya afya. Huenda wagonjwa wanafia majumbani.

Tusiwasahau wahudumu. Julai 10, 2020 alifariki Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini kuuawa na ugonjwa huo akiwa kazini. Desemba mwaka huo wauguzi na matabibu waligoma, na baadaye madaktari, wakidai mavazi ya kujikinga, bima na haki nyingine. Wapo waliowalaumu. Mimi nauliza tu: nani angemtuma mwanawe kuzima moto bila ndoo? Jirani zetu wa Uganda walilipata somo hili mapema. Mwaka 2000, ugonjwa wa Ebola ulipozuka Gulu, Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya St. Mary's, Lacor, aliutambua kwa kuchunguza maelezo ya vifo vya ajabu hospitalini mwake, akaweka wodi maalum na mavazi ya kinga kabla ya msaada kufika. Yeye mwenyewe aliambukizwa na kufariki Desemba 5 mwaka huo, kama walivyofariki wenzake kadhaa. Alichofanya kwanza kilikuwa ni kupembua: kusoma, kuuliza, kutenganisha.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba mambo haya ni ya Wizara ya Afya na serikali za kaunti, si ya mwalimu wala mwanafunzi. Siafikiani na maoni hayo. Vifaa, mishahara na vitanda ni wajibu wa serikali, na Katiba iko wazi: kifungu cha 43 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo. Sheria hiyo ina sababu yake. Mwaka 2015 mtu aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulansi jijini Nairobi kwa takriban saa 18, akitafutiwa kitanda, na mwishowe akafa. Lakini haki isiyojulikana haidaiwi, na utaratibu usiofundishwa hauheshimiwi. Kufundisha ni kazi yetu.

Ninapendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha za wafadhili. La kwanza ni kwa walimu wa Kiswahili. Tunawapa wanafunzi insha kuhusu ajali waliyoishuhudia, nao hutuandikia methali kumi na damu iliyotapakaa. Tuwape badala yake zoezi la mazungumzo kati ya muuguzi wa langoni na jamaa wa mgonjwa, na tuwatahini kwa usahihi: ameanza kuugua lini, anapumuaje, anaitika au haitiki, ametumia dawa gani. Mimi huwapa wanafunzi wangu wa chuo kikuu zoezi la kutafsiri maswali ya upembuzi kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, kisha wayasome mbele ya mtu ambaye hakusoma. Ugumu wa zoezi hilo huwashangaza wale wanaodhani kutafsiri ni kufungua kamusi.

La pili ni kwa walimu wa sayansi. Kuhesabu pumzi kwa dakika moja hakuhitaji maabara. Darasa la Kariandusi linaweza kuhesabu pumzi la kwanza wakiwa wameketi, la pili baada ya kukimbia uwanjani, na wakajifunza kwamba mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20. Mtoto anayejua hilo atamtambua babu yake aliyezidiwa kabla hajanyamaza.

La tatu ni kwa hospitali zenyewe. Wekeni bango kubwa langoni, kwa Kiswahili chepesi, lenye rangi na muda wa kungoja, na maneno haya: hapa hatumtazami aliyetangulia, tunamtazama aliyezidiwa. Na mgonjwa akipewa rangi, aambiwe maana yake. Sentensi moja ya muuguzi hupunguza kelele za usiku mzima.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Covid-19. Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpox nchini kilithibitishwa Taveta, katika njia nyingine ya malori. Hakuna anayejua ugonjwa ujao utaitwaje, lakini njia zake tunazijua, na mlango utakaofikia tunaujua. Mashine zitanunuliwa siku zitakapopatikana fedha. Maneno tunayo tayari, na siku ya kuyafundisha ni hii ambayo benchi la hospitali halijajaa.